Mia Mbili Isiyo na Kichwa

Minazi Miwili, njia ya Madimba
Jumamosi, 6 Desemba 2025

Mzee Taherali, shikamoo.

Hunijui kwa sura, ila marehemu mume wangu, Hashimu fundi, alikuwa akinunua misumari na nati dukani kwako Mikindani. Akirudi hunisimulia habari za chupa zako mbili za sarafu: moja ya zile zilizotoka kiwandani na kasoro, nyingine ya zile zilizoharibiwa huku nje. Alisema hajazaliwa wa kukudanganya. Alisema pia husikii kwenye simu, ndiyo maana naandika. Na hata ungesikia, hapa kwetu ninachosema ndani ya nyumba kinajulikana kisimani kabla sijafika na ndoo.

Nina jirani, mjane kama mimi. Jumapili iliyopita tuliwatoa wari wa unyago. Yeye akamtunza binti wa wifi yake, Hawa, sarafu ya mia mbili. Akambandika kwenye paji la uso kama tunavyofanya siku zote, jasho likaishika, vigelegele vikapigwa. Kesho yake paji la mtoto likatoka malengelenge, duara, sawasawa na ukubwa wa sarafu. Homa ikapanda. Watu wakaenda kuitafuta kwenye sahani ya pesa za matunzo. Upande wa simba, simba wapo. Upande wa kichwa, hakuna kichwa. Pamelainika kama kiganja cha mkono.

Sasa wanasema jirani yangu aliifuta ile sura ili aifute ya mtoto. Wamempa mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, watu wakitoka kuswali awe ameshahama. Wapo wanaosema Ijumaa ni mbali. Nyumba yake ni ya makuti, Mzee. Makuti na kiberiti unajua mambo yake.

Swali langu ni moja. Sarafu inaweza kutoka kiwandani bila kichwa, pasipo mtu kuigusa? Ukisema ndiyo, jirani yangu amepona. Mwenyekiti wa kitongoji amekubali kusubiri neno lako. Jibu mpe Fredi wa mikate, huja huku na pikipiki karibu kila siku.

Mimi,
Shamimu, mke wa Hashimu

*

Mikindani
Jumatatu, 8 Desemba 2025

Binti yangu Shamimu, marahaba.

Hashimu namkumbuka vizuri. Alikuwa akipima nati kwa jicho, anakataa nne ananunua ya tano, na bei anataka ya zile alizozikataa. Mungu amrehemu.

Jibu lako: ndiyo, inawezekana. Lakini usishangilie bado. Kila wiki vijana wananijia na sarafu zilizokanyagwa na malori, wameona kwenye simu zao kwamba kasoro ya kiwandani inauzwa mamilioni. Nawapa chai nawarudisha makwao. Sarafu huzaliwa hivi: kipande kitupu huwekwa ndani ya pete ya chuma, mihuri miwili inakibana, juu na chini, pigo moja tu. Muhuri ukijaa grisi, sura haitoki. Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa nayo. Nimepata saba tu kwa miaka hamsini. Zilizoumizwa baadaye zimejaa chupa mpaka mdomoni.

Mwambie jirani yako aangalie. Ukingo umesimama pande zote? Simba wa nyuma wana pua, au zimelala? Akiiweka juu ya mia mbili nyingine, zinalingana? Au bora aniletee niitazame mwenyewe. Na chonde chonde, asiioshe! Sarafu ikishaoshwa, ushahidi wote umekwenda na maji.

Mwambie pia ale, alale usingizi. Chuma ni chuma, hakina uchawi. Nimeshika sarafu tangu nina miaka sita na sijawahi kuumwa hata kichwa.

Taherali

*

Minazi Miwili
Jumatano, 10 Desemba 2025

Mzee, shikamoo.

Sarafu nimemkabidhi Fredi, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ila nimekosa, nisamehe. Mwenyekiti aliponipa sarafu niliiosha palepale, ndipo barua yako ikafika. Jivu na ndimu, nikaisugua mpaka ikang'aa. Ilikuwa imeganda uchafu, na kwetu humpelekei mtu mzima kitu kichafu mkononi, ni kumkosea adabu. Nilidhani nakuheshimu. Kumbe naharibu.

Pua za simba sikuziangalia. Sipendi kuitazama ile sarafu. Niliiosha nimegeuza uso ukutani.

Hali ya hapa si nzuri. Jana kisimani wanawake walininyanyulia ndoo zao, kila mmoja akaivuta ya kwake karibu, kana kwamba nitayatemea maji. Kioski wamesema chumvi imekwisha na mimi naiona rafuni. Juzi na jana mawe yameangukia juu ya paa langu. Madogo, ya kutishia tu. Yakigonga makuti hayatoi mlio, unasikia tu vumbi likimwagika juu ya chandarua. Nalala nimevaa viatu.

Mzee, andika kwamba ni ya kiwandani. Nakuomba.

Shamimu

*

Mikindani
Alhamisi, 11 Desemba 2025

Binti yangu,

Umeandika "paa langu". Nilijua tangu barua ya kwanza kwamba huyo jirani yako anakaa karibu nawe sana. Hapana haja ya kuficha tena.

Nimeipima kwenye mizani ya sonara. Uzito wake kamili, kwa hiyo hakuna aliyeisugua kwa tupa, maana tupa hula chuma na uzito hupungua. Lakini imezidi upana. Kidogo sana, unene wa ukucha, ila imezidi. Na simba pua zimelala. Sarafu inayozaliwa ndani ya pete haiwezi kuizidi pete. Umeniomba niandike kwamba ni ya kiwandani. Siwezi, mwanangu. Uongo ningeuweza ningekuwa tajiri. Kasoro hii haikutoka kiwandani. Imeharibiwa baadaye, na si siku moja. Imegongwa, vipigo vidogo vidogo, maelfu, mahali palepale.

Sasa sikiliza. Kuharibiwa si kurogwa. Kila iliyo kwenye chupa yangu ya pili ina kisa chake cha kawaida: hii ilikaa chini ya mguu wa cherehani, ile mtoto aliiweka kwenye reli. Yako nayo ina kisa, nakitafuta. Kwenye mifereji ya herufi mmebaki uchafu mweusi ambao jivu lako halikuufikia. Nimeuchokonoa kwa njiti ya kiberiti. Nipe siku chache.

Taherali

*

Minazi Miwili
Jumamosi, 13 Desemba 2025

Mzee Taherali,

Barua yako hawakunipa. Mwenyekiti aliifungua mwenyewe mbele ya watu, kwenye uwanja wa msikiti, na mimi nimesimamishwa katikati. Akasoma mpaka pale: imegongwa, vipigo vidogo vidogo, maelfu. Akaikunja karatasi. Yaliyobaki nimeyasoma leo peke yangu.

Unajua walisema nini? Mtu mmoja nyuma akasema, vipigo maelfu, na kila kipigo kwa jina la mtoto. Mama weee! Niliisikia ile sauti ya watu kuvuta pumzi wote kwa pamoja. Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wifi yangu Asha, mama yake Hawa, dada yake Hashimu tumbo moja, akaanza kulia. Hakunitukana. Alilia tu huku ananiangalia, na mimi ningependa matusi.

Sasa nakwambia nililoficha, maana sina tena cha kulinda. Sarafu ile haikuwa yangu. Siku ya sherehe sikuwa na kitu. Asha akaniona nimekaa nyuma, akaja na bakuli, akanitia sarafu moja mkononi akaninong'oneza, "Shika wifi, umtunze mwanao." Alifanya hivyo kwa watu kadhaa, ili mtoto wake atunzwe na wengi. Ilikuwa inanata, nikaipangusa kwa khanga, nikambandika Hawa. Sikuitazama. Nilikuwa naona aibu.

Kwa nini sikusema? Kwanza, nani ataniamini? Pili, wakiniamini, mawe yatahamia kwake, na Hawa ana homa anamhitaji mama yake. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi: nimeanza kumuogopa Asha. Usiku nalala najiuliza kwa nini alinichagua mimi kwa sarafu ile. Miaka kumi na tisa tumekula sahani moja. Leo nikisikia hatua zake nje, nafunga mlango.

Zimebaki siku sita. Sina pa kwenda. Kaburi la Hashimu liko hapa na mikorosho yangu iko hapa. Ukipata kisa chochote, niletee.

Shamimu

*

Mikindani
Jumatatu, 15 Desemba 2025

Bibi Shamimu,

Nitaandika kwa ufupi, mkono unaniuma.

Kidole gumba cha kulia, kile nilichofutia uchafu wa sarafu yako, kimetoka malengelenge. Yalianza Jumamosi asubuhi kwa muwasho. Jana yamejaa maji. Leo yamehamia kwenye kidole cha shahada, na kidogo chini ya jicho, ambako huenda nilijikuna.

Nilikuandikia kwamba chuma hakina uchawi. Sijui. Nina miaka sabini na minne na tangu Jumamosi siingii chumba ilimo hiyo sarafu. Mjukuu wangu Uzma anataka itupwe baharini. Nimeifunika kwa kikombe na juu ya kikombe nimeweka tofali, halafu nikajiona mpumbavu, lakini tofali sikuliondoa.

Tafadhali usiniletee kitu kingine. Naogopa, nisamehe.

Taherali

*

Mikindani
Jumanne, 16 Desemba 2025

Shamimu mwanangu,

Fredi anakuletea barua hii kwa mkono na ameapa kwamba hataiachia kwa mtu mwingine. Ile ya jana ichome. Ni barua ya mzee mwoga.

Leo asubuhi mke wangu Batulbai amechoka na mimi. Ameliondoa tofali, ameondoa kikombe, akaichukua sarafu kwa kipande cha gazeti, akainusa. Kisha akakitazama kidole changu, akanitazama mimi. "Taherali," akasema, "umeishi Mtwara tangu uzaliwe na hujui mafuta ya ganda la korosho?"

Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke. Ule uchafu mweusi ni mafuta ya ganda! Mtoto yeyote huku kwetu anajua yanachoma ngozi, anajua asitafune korosho mbichi na ganda lake, na sisi wote, mimi na wewe na mwenyekiti na watu wa uwanjani, hatukuwaza. Tulikuwa tunatafuta kichwa kilichopotea. Wewe mwenyewe hukuungua kwa sababu mikono yako ni ya mbanguaji wa korosho, imeshakuwa gome. Paji la Hawa ni la mtoto, limepakwa mafuta, lina jasho.

Nikakaa chini. Nikajiuliza, ni wapi sarafu inagongwa mara maelfu, mahali palepale, huku inadondokewa na mafuta ya korosho? Ndipo nikamkumbuka Hashimu. Ni kama miaka mitano. Alikuja akitaka washa nene, kile kisahani cha kutia chini ya nati, aiweke pale mpini wa mashine ya kubangulia unapotua, ili kisu kisizame kikaponda korosho ndani. Akasema mashine anamtengenezea dada yake. Washa ya kipimo kile sikuwa nayo. Nikamcheka, nikamwambia, "Weka mia mbili, fundi, serikali imeshakutengenezea washa." Akacheka mpaka akashika meza. Akaondoka, na mimi nikasahau.

Basi aliyeanzisha jambo hili ni mimi. Sura ile imefutwa na mpini, korosho moja baada ya nyingine, miaka mitano.

Barua hii usimpe mwenyekiti aisome. Karatasi anaweza kuikunja anapotaka. Sarafu iko ndani ya mfuko wa plastiki, usiishike. Nenda nayo kwenye mashine ya wifi yako mbele ya watu wote. Pale mpini unapotua patakuwa na kishimo cha duara. Kama nimesema kweli, itaingia. Kama haikuingia, mwanangu, nitakuwa nimekuponza mara ya pili, na sitajisamehe.

Hawa apelekwe zahanati. Batulbai anasema aoshwe kwa sabuni na asipakwe dawa za mizizi.

Mzee wako,
Taherali

*

Minazi Miwili
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Mzee wangu Taherali, shikamoo. Na Bibi Batulbai, shikamoo sana.

Mimi ni mzima. Naandika nikiwa nyumbani kwangu.

Jana walikuja baada ya swala, hawakuchelewa. Nilikuwa nimefunga mzigo mmoja, maana nilijua ikishindikana sitapewa nafasi ya kufunga. Kati yao mmoja alikuwa na dumu. Sikuuliza la nini. Mwenyekiti akasema, "Shamimu, muda umefika." Nikasema naomba twende kwa Asha, nataka mashine yake, nikikosea nitaondoka kwa miguu yangu.

Asha akauliza, mashine ya nini? Nikamuuliza, tangu sherehe inabangua vizuri? Akasema hapana, inaponda, nusu ya korosho zinatoka chenga, nilidhani ni mkosi. Tukaingia stoo. Mpini ule, Mzee, umefungwa kitambaa cha shati la Hashimu mahali pa kushikia. Nilikuwa nimesahau. Chini yake, pale unapotua, pana kishimo cha duara, cheusi, kitupu.

Nikaishika sarafu kwa plastiki. Mara mbili niligonga pembeni, na mara zile mbili nilijiona nimeshakufa. Ya tatu ikaingia. Ikakaa kama jino. Nikashusha mpini, tak, ukatua juu ya pale pasipo na kichwa. Nikaweka korosho. Ganda likapasuka vipande viwili, kiini kizima.

Asha akaanza kusogea taratibu mpaka kwenye mashine, akakipapasa kile kishimo. Akasema, "Ni mimi niliyeing'oa." Akasema asubuhi ya sherehe sarafu za kugawa zilipungua, akakumbuka kwamba kwenye mashine ipo moja, akaing'oa kwa bisibisi ikiwa imeganda uchafu, akaitupa bakulini na nyingine. Hakuitazama. Kisha akaigeuza mikono yake, unajua mikono ya mbanguaji ilivyo, vidole vyeusi, akaitazama kama hajawahi kuiona. "Nimemchoma mwanangu," akasema. "Nikataka kumchoma na wifi yangu." Akaanguka chini. Nilikaa naye palepale sakafuni. Nilikuwa nimemuogopa siku zote zile na yeye alikuwa ananiogopa mimi.

Mwenye dumu alikwisha kuondoka. Leo watu wananisalimia. Kioski wana chumvi. Nawaitikia wote, ila usidhani yamekwisha, Mzee. Bado nalala na viatu. Sauti ya mtu yule aliyesema kila kipigo kwa jina la mtoto naijua ni ya nani, na asubuhi ameniletea muhogo. Nimeupokea, nikakaa nao mkononi sijui niupike au niutupe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Umemwambia Fredi aniulize kama nitakupa sarafu uiweke kwenye chupa yako ya pili. Hapana, nisamehe. Tumeirudisha mahali alipoiweka Hashimu. Leo tumebangua kilo tatu, mimi na Asha, na chenga hazikuzidi konzi moja.

Hawa homa imeshuka. Zahanati wamempa dawa ya kupaka. Duara bado lipo, ngozi mpya imeanza kuota katikati. Mchana huu tulipokuwa tunabangua alikuja akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa. Nilijua anataka nini. Anataka nimguse paji, mbele ya mama yake, ili aone kama ataungua. Mzee, niliogopa kuliko jana. Nilinawa kwa sabuni mara tatu. Nilitazama vidole vyangu hivi vyeusi, nikamwangalia Asha, naye ameuziba mdomo kwa khanga. Nikauweka mkono. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa nguvu, anahesabu kimyakimya, midomo inacheza. Akafika kumi, akafumbua.

Anasema kesho nisimguse, anataka kwanza aamke aone.

Binti yako,
Shamimu